Nilisoma Nusu Tu ya Karatasi ya Breki

Mpendwa Mama Eufrasia,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba pia unisamehe mwandiko, naandikia juu ya gunia la pamba na halikukaa sawa. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu, sasa hivi niko likizo nyumbani Bariadi. Safu yako naisoma tangu kidato cha kwanza na najua wengi wanakuandikia habari za wachumba. Mimi sina mchumba, nina breki. Si zangu, ni za gari la baba, lakini nimezikosea mimi na hakuna anayejua isipokuwa mimi na sasa wewe.

Nianze na baba. Baba yangu ni fundi wa mikokoteni ya ng'ombe, na si fundi wa kubahatisha, watu wanamletea magurudumu kutoka Kimali na Lalago, na mkokoteni ukipita njiani kimya kimya watu wanajua umetoka mikononi mwake, kwa sababu katika kazi yake ana kanuni moja tu, kinacholia kinaomba mafuta. Mlango ukilia anaupaka, baiskeli ikilia anaipaka, na kitanda cha bibi kilipoanza kulia alikipaka kwenye viungo vyote, bibi akalala kwa amani siku mbili, siku ya tatu kitanda kikafunguka. Baba alisema mbao zilikuwa mbichi.

Mwaka jana wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuja na magari yao kushindana na ushirika, baba akaona mkokoteni hauwezi kukimbizana nao, akauza ng'ombe akanunua pikapu iliyotumika huko Japani, nyeupe, ubavuni ina maandishi ya Kijapani ambayo hakuna anayejua yanasema nini na baba amekataa yafutwe. Ng'ombe waliobaki ndio shule yangu, na hapo ndipo anapoingia baba mdogo Masalu (naomba hilo jina mlibadilishe). Baba mdogo anasema msichana akifika kidato cha tatu kusoma kumemtosha, aolewe, zizi lijae tena. Kila akisema hivyo baba anamjibu, "Subiri, faida yake utaiona." Wameambiana hivyo tangu ng'ombe wauzwe, na mimi katikati nawapelekea maji ya kunawa.

Mwezi uliopita breki za mbele zikaanza kulia. Fundi wa magari wa hapa mjini, Constantine, akasema pedi zimekwisha, zinunuliwe nyingine. Baba akaagiza pedi mpya Mwanza, zikaja kwenye boksi zuri lenye karatasi ndani, lakini zilipofika Constantine alikuwa amekwenda msibani Kalemela na hajulikani anarudi lini, na pamba ilikuwa imejaa kwa watu inangoja gari. Baba akasema gurudumu ni gurudumu. Akapiga jeki pale uani, yeye na baba mdogo wakafungua, wakafunga pedi mpya, wakajaribu gari mpaka barabarani na kurudi, breki zikalia kuliko mwanzo. Ndipo baba akakumbuka ile karatasi, akaniita, "Mayu, binti yangu, njoo utusomee Kiingereza chako."

Nikaja nikapiga magoti, nikasalimia mwadila, salamu ya kwetu. Walikuwa watatu, baba, baba mdogo, na jirani yetu mzee Yakobo aliyekuja kuazima patasi. Karatasi ilikuwa na Kijapani upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, herufi ndogo kama za kwenye dawa ya minyoo. Nikaisoma kwanza kimoyomoyo. Kuhusu grisi kulikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza ilisema grisi ipakwe kidogo sana kwenye pini ambazo kile chuma kinachobana pedi kinateleza juu yake, na mgongoni mwa pedi pale chuma kinapogusana na chuma. Ya pili ilisema grisi isiguse kabisa uso wa pedi wala diski, na ikigusa gari lisiendeshwe. Mama Eufrasia, nilizielewa zote mbili. Sitaki nikudanganye kwamba sikuelewa.

Nikaanza kwa sauti, "Inasema tupake grisi kidogo, kwenye..." Nikasimama hapo, natafuta nizieleze vipi hizo pini kwa watu wazima, na wote watatu wananitazama mdomoni, na mimi nikitazamwa mdomoni ulimi unakuwa mzito kama wa ndama.

Baba mdogo akasema, "Paka grisi. Tumesikia."

Baba akapiga paja akacheka. "Si nilisema? Kinacholia kinaomba mafuta! Hata Mjapani anajua!"

Mzee Yakobo akauliza taratibu, "Lakini breki si kazi yake kushika? Ukiipaka mafuta itashikaje?"

"Yakobo, wewe una gari?" akasema baba mdogo.

"Sina."

"Una nini?"

"Nimekuja kuchukua patasi."

"Basi chukua patasi. Na kile kichupa cha mafuta ya breki kule mbele kinafanya nini? Breki inakunywa mafuta tangu ilipozaliwa, leo itayachukia kwa sababu gani?"

Mzee Yakobo akafikiri, akakubali kwamba hilo ni neno. Mimi nikasema, "Baba, kuna..." na baba akanigeukia na uso wa furaha ambao sijauona tangu nifaulu darasa la saba, akasema, "Wabeja, mayu. Wabeja sana. Umefanya kazi ya mtu mzima." Nadhani unajua, kwetu mkubwa akishakushukuru ndiyo umeruhusiwa kuondoka, ukibaki umepiga magoti ni kama unadai kitu. Nikainuka. Nilikwenda jikoni nikachambua mchicha huku nawatazama mlangoni. Baba alichukua kopo lake la mafuta ya mikokoteni, ile grisi nyeusi anayoichanganya na samli, akapaka pini, akapaka mgongo wa pedi, akapaka uso wa pedi, akapaka diski mbele na nyuma mpaka zikang'aa. Baba hafanyi kazi nusu. Nusu niliifanya mimi.

Tangu siku hiyo gari halilii. Ila halisimami vizuri. Zamani baba alikuwa anakanyaga breki akifika kwenye lango letu, sasa anaanza kukanyaga kwa mzee Yakobo ili asimame kwetu, na siku akibeba pamba anaanza kwenye duka la Mama Monika, ambalo ni la nne kabla ya mzee Yakobo. Wiki iliyopita alipitiliza akasimamia kwenye majani ya mahindi ya watu. Anasema gari bado halijazoea mzigo wa kwetu. Baba mdogo sasa anakaa nyuma na gogo, baba akipiga honi mara mbili anaruka chini anakimbia kuweka gogo mbele ya gurudumu, na haoni ajabu, kwa sababu mikokoteni yenye mzigo ndivyo inavyosimamishwa mteremkoni na yeye kazi hiyo anaijua tangu utoto. Ameshachubuka magoti yote mawili. Na kila wanaposimama, wakisimama, baba anawaambia watu, "Mnasikia kelele? Hamsikii. Breki hizi amezisoma binti yangu kwa Kiingereza." Juzi nilimsikia hata baba mdogo akimwambia mtu hivyo hivyo, na akaongeza, "Shule si mbaya sana."

Nimejaribu kusema. Niliichukua karatasi nikapigia mstari sentensi ya pili kwa kalamu nyekundu nikaiweka juu ya usukani, baba akaikunja akaibana kwenye kifuniko cha kisanduku cha mbele kilichokuwa kinagonga gonga, na sasa hakigongi. Nilimwambia mama kwamba nahisi gari halisimami, akasema mambo ya gari mwambie baba yako, halafu akanikumbatia kwa ajili ya ile siku ya kusoma. Nilikwenda kuungama, nikamwambia padri nimesema nusu ya ukweli, akauliza kuhusu nini, nikasema kuhusu gari, akanipa Salamu Maria tano. Nilizisali zote. Gari liko vile vile.

Sasa kilichonifanya nishike kalamu. Jumapili ya mwisho wa mwezi huu ni Kipaimara, Askofu atakuwa Lalago, na baba amejitolea kwa parokia kubeba watoto wote wa kigango chetu wanaoimarishwa, ni kumi na wanne, mmoja ni mdogo wangu Januarius, pamoja na mama na katekista. Mpaka sasa baba amekuwa akizunguka na pamba huku tambarare. Njia ya Lalago ina mteremko mrefu unaoishia kwenye daraja la mto, jembamba, halina kingo. Nilimsikia baba akimwambia baba mdogo kuhusu mteremko huo, baba mdogo akafikiri akasema siku hiyo atabeba magogo mawili.

Nikisema, itajulikana kwamba breki zimeharibiwa na Kiingereza changu, baba ataaibika kwa watu wote aliowaambia, na baba mdogo atasema, "Si niliwaambia?" na safari hii baba hatakuwa na la kumjibu, na mimi sitarudi shule. Nisiposema, najua kitakachotokea kwa sababu mada ya msuguano tumefundishwa na katika mtihani huo nilikuwa wa kwanza. Nifanyeje? Na je, inawezekana hayo mafuta yakakauka yenyewe kabla ya Jumapili hiyo? Mimi sidhani, lakini nauliza.

Jina langu na la baba naomba msiyatoe.

Ni mimi,
Mwenye Aibu, Bariadi

*

Mwenye Aibu,

Marahaba. Hayakauki.

Wiki hii nimepokea barua kumi na saba. Kumi na sita nimezisoma nimekaa, yako nimeisoma nimesimama. Mimi sijui magari, kwa hiyo nilijifunga kitenge nikaenda gereji ya nyuma ya soko hapa Mwanza kwa fundi Marcelo, ambaye amefungua breki za malori tangu kabla hujazaliwa, nikamsomea barua yako huku amelala chini ya gari. Nilipofika kwenye pini akaitikia, "Sawa kabisa." Nilipofika kwenye uso wa pedi akatoa kichwa. Nilipofika kwenye samli akatoka mzima mzima. Nilipofika kwenye gogo akaomba kiti.

Hiki ndicho anachosema, na umpelekee baba yako kama kilivyo, fundi kwa fundi. Baba yako hakukosea kwamba breki zinapakwa mafuta. Zinapakwa. Pini zikikauka kile chuma hakitelezi, breki inashika upande mmoja, inalia, inakula pedi. Lakini ni grisi maalumu ya breki isiyoyeyuka kwa joto, nyembamba kama mafuta ya kupaka midomo, na mahali pake ni pini na mgongo wa pedi, basi. Uso wa pedi na diski havitaki hata alama ya kidole chenye mafuta, kwa sababu vinafanya kazi kwa kukwaruzana. Ekseli ya mkokoteni kazi yake ni kuzunguka, breki kazi yake ni kukataa. Ukiipaka mafuta umeishawishi ikubali. Na yale ya kwenye kichupa yanapita ndani ya mabomba kusukuma, hayafiki kwenye pedi, na siku yakifika ujue kuna kitu kimepasuka. Mzee Yakobo asiye na gari alikuwa sahihi peke yake, na nyumbani kwenu mkampa patasi aondoke.

Dawa yake: pedi hizo zitupwe. Usimwache mtu akazikwangua wala kuzianika juani, zimekwishakunywa. Diski zioshwe kwa spiriti, zisuguliwe kwa msasa, zioshwe tena. Mipira midogo iliyoko kwenye pini itazamwe, kwa sababu samli na grisi ya kawaida huvimbisha mpira, na iliyovimba ibadilishwe. Na gari lisiendeshwe kwenda kwa fundi, hata kama gereji ni hapo tu. Fundi ndiye atembee. Constantine bila shaka amekwisha kurudi kutoka msibani.

Sasa wewe. Siku ile pale uani hukuwa na kosa la kunitoa jasho. Ulikatizwa na mkubwa, ukaruhusiwa kuondoka na mkubwa, ukainuka. Mtoto aliyelelewa angefanya nini? Lakini siku baba yako alipoanza kukanyaga breki kwenye duka la nne, mambo ya malezi yaliishia hapo. Tangu siku ile hunyamazi kwa heshima, unanyamaza kwa kuogopa, na unatumia heshima kujifunika. Mtu mzima anaruka na gogo kutoka kwenye gari linalokwenda, magoti yanachubuka, na wewe unayejua sababu unachambua mchicha. Kwa hilo nakugombeza, tena nakugombeza sana. Na usimpelekee padri habari nusu halafu ushangae kupewa dawa nusu.

Nenda kwa mama yako kwanza. Safari hii usimwambie unahisi, mwambie unajua, na mwambie ni Januarius atakayekuwa nyuma ya pikapu. Akishaelewa hilo huhitaji kumsukuma. Kisha mwende wote wawili kwa baba yako, akiwa peke yake, baba yako mdogo asiwepo, si kwa sababu ya kumficha bali kwa sababu mwanaume hupokea ukweli upesi zaidi pasipo na wa kumcheka. Itoe karatasi pale alipoibana, umsomee sentensi zote mbili. Akikushukuru katikati usiinuke. Nimekuruhusu mimi, mwambie Mama Eufrasia wa gazetini amesema ubaki umepiga magoti mpaka mwisho.

Kuhusu shule. Unaogopa atakayoyasema baba yako mdogo, na atayasema, usijidanganye. Lakini tazama vizuri wewe uliyekuwa wa kwanza katika msuguano. Msichana aliyesoma karatasi vibaya, ni rahisi kumtoa shule. Msichana aliyesimamisha gari lisishuke ule mteremko na watoto kumi na wanne wa kigango ni mwingine, na watoto hao wana mama zao, na mama hao watajua, kwa sababu mama yako atawaambia. Msichana huyo, baba yako mdogo atalazimika kumtoa shule mbele ya wanawake kumi na wanne. Mwache ajaribu. Na akikuuliza ilikuwaje ukaishia nusu, mjibu kwa adabu, ukimwita baba, kwamba ni yeye aliyesema tumesikia.

Iwapo baba yako atakataa, na wanaume wenye kanuni moja hukataa, basi Jumamosi asubuhi kabla ya chai toa upepo magurudumu mawili. Hili silisemi kama mshauri, nalisema kama mzazi. Gari lisilo na upepo halihitaji breki. Watoto waende Lalago kwa basi au kwa mikokoteni ya baba yako mwenyewe, ambayo ninyi wote mnakubali kwamba ni mizuri. Wakiondoka Jumamosi hiyo hiyo watamkuta Askofu.

La mwisho. Uliomba nisitoe jina lako wala la baba yako, na sikuyatoa. La baba yako mdogo uliomba nilibadilishe, nikasahau. Pikapu nyeupe yenye maandishi ya Kijapani ubavuni hukuniomba niifiche, wala ufundi wa mikokoteni, wala Kipaimara. Haya yametoka gazetini leo Jumapili, na siku ya safari ni Jumapili ijayo. Gazeti hili linafika Bariadi kwa basi, linashushwa stendi Jumatatu saa saba mchana, na mpaka saa tisa litakuwa limekwisha kusomwa kwa kinyozi, dukani na kwenye ngazi za kanisa. Kufikia jioni mtu atakuwa njiani kuja kwenu kumsomea baba yako, na wa kwanza kuja hatakuwa mtu anayempenda.

Kwa hiyo ukiwa unasoma mstari huu una saa mbili, pengine tatu. Funga gazeti, muite mama yako.